Mkanda wa Chumvi

Mume wangu ameitoa filamu yangu akampa jirani afukuzie ndege. Sitanii. Jumamosi nilikwenda kununua mchicha, nikaona utepe mweusi umefungwa kutoka kijiti hadi kijiti juu ya matuta, unameremeta na kuvuma kwa upepo, na pale chini ganda la kaseti limelala wazi kama kome aliyekwisha kuliwa. Nililitambua kabla sijainama. Nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni na ganda mkononi. Mchicha sikununua.

"Kwani lilikuwa na nini?" akaniuliza mume wangu. "Halina hata jina. Na video ya kulichezea ilikufa zamani."

Niliyomjibu sitayaandika hapa. Lakini nilipoliweka lile ganda puani lilikuwa bado na harufu yake: vumbi lililopata moto, udi, na mafuta ya nazi ya vichwa vya wanawake kumi na watano waliobanana chumba kimoja. Nikakaa chini. Nikasema nitaandika, maana hasira ikilala tumboni hugeuka ugonjwa. Tena nimechoka na nyinyi watu wa rika langu. Mkiulizwa filamu za utotoni, nyote mwataja zile zile, za mtu mmoja kupiga majambazi mia na shati lake halichafuki. Mimi nina filamu tatu za kuwapendekezea, na nyinyi hamkuziona kwa sababu hazina ngumi. Tatizo ni moja tu: sijui jina la hata moja.

Tulikuwa tukikaa Timbwani, Likoni, nyumbani kwa Shangazi Mwanatumu, dada yake Baba. Baba alikuwa Arabuni. Mara ya mwisho alipokuja likizo alileta video, akaiweka sebuleni kwa dada yake kwa sababu kwake ndiko kulikokuwa na umeme, kisha akarudi kazini, na baada ya hapo hakuleta kitu kingine, hata barua. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nikiuliza, Shangazi alinijibu, "Babako yuaja Idi." Idi ikija, ilikuwa Idi nyengine.

Wale wanaokumbuka wanajua kuwa majumba ya sinema ya mjini yalikuwa na siku yao ya zanana, siku ya wanawake watupu, mwanamume hata wa kuuza njugu haingii. Lakini kuvuka kwenda mjini na watoto na mabuibui ilikuwa safari. Basi Shangazi akaanzisha zanana yake. Kila Alhamisi baada ya adhuhuri mlango ulifungwa komeo, dirisha likawekwa shuka, na wanawake wakaingia mmoja mmoja na vyombo vyao: huyu viazi vya karai, huyu mabuyu, huyu kashata. Shangazi mwenyewe ndiye aliyefuata kaseti dukani, akazibeba ndani ya kikapu chini ya ndimu kana kwamba ni pombe.

Filamu zenye sifa hazikai dukani. Vibanda vya video vilizinyakua zikiwa bado na joto la mashine. Zilizobaki kwenye rafu ya chini, zenye vumbi, zenye jina limeandikwa kwa herufi za Kihindi tu, ndizo alizokuja nazo Shangazi. Yeye mwenyewe aliziita makapi. "Leo nimewaletea makapi, msinitukane." Na sisi tukazipa majina yetu.

Ya kwanza ninayowapa ni Ya Mzee wa Saa. Stesheni ndogo katikati ya jangwa, treni zimeacha kusimama pale, na mzee mmoja bado anapanda ngazi kila asubuhi kuitia ufunguo saa kubwa ya ukutani. Basi. Hakuna harusi, hakuna moto. Mama Kadzo, jirani yetu kutoka Kaloleni ambaye hakuwahi kukosa Alhamisi hata siku akiwa na kazi ya kibarua, alivumilia nusu saa kisha akapaza sauti: "Staringi ni yupi hapa? Ni huyu babu au ni hiyo saa?" Lakini treni ya mwisho ilipopita bila kusimama, na mzee akaitoa kofia yake kuipungia, ni Mama Kadzo huyo huyo aliyejifuta uso na leso ya viazi.

Ya pili ni Ya Tarumbeta. Mpiga tarumbeta wa maharusini ameng'oka meno ya mbele, hawezi tena kupuliza, na anaona haya kuwaambia wenziwe. Basi anavimbisha mashavu jukwaani, na mkewe anapuliza nyuma ya pazia. Mkewe anapuliza vizuri kumshinda. Siku ile tulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka, na sijaona tena filamu inayomwonyesha mwanamume akijua kuwa mkewe amempita, na uso wake ukifurahi na kuuma pamoja. Wanaume wengi ningewafungia chumbani na filamu ile. Mmoja namjua kwa jina.

Ile ya tatu nitaifikia. Kwanza niwaeleze tuliwezaje kuzielewa.

Mama alikuwa mfasiri. Kabla hajaolewa alifanya kazi miaka miwili kwa familia moja ya Kihindi kule mjini, jikoni, basi ikachukuliwa kuwa Kihindi anakijua. Yeye hakukana. Aliketi mbele kabisa, ubavuni mwa televisheni, nusu akitizama kioo na nusu akitutizama sisi, na kila mtu wa ndani ya kioo akifungua mdomo, chumba kizima kiliuliza, "Yuasema nini?" Naye akasema. Alisema kwa sauti ya mzee, kwa sauti ya mtoto, kwa sauti ya tajiri mwenye kitambi. Yule mzee wa saa alipomtizama ofisa aliyekuja kumfukuza, Mama alisema: "Yuasema, siku treni ikisimama, abiria ataniuliza saa ngapi. Nikimjibu sijui, nitakuwa mtu gani?" Wanawake wakaguna wote pamoja. Nilijiona binti wa malkia.

Na huko nje ya Alhamisi Mama hakuwa malkia. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba anayeishi chumba cha uani kwa wifi yake, mume hana habari zake, mwaka wa kwanza, wa pili. Hakujua kama yeye ni mke, ni mjane, au ni mwanamke aliyekwisha kuachwa na talaka imepotea njiani. Hakuweza kuomboleza wala kuolewa, wala kukasirika sawasawa. Akimuuliza Shangazi, Shangazi hujibu vile vile alivyonijibu mimi, na hugeuza uso kwenye jiko. Kumshika mwenyeji wako shati ukamwambia sema kweli, hilo kwetu halifanyiki. Kwetu mtu hatupiwi neno usoni. Hutupiwa kwa kanga, au hungojewa harusini mpaka mwimbaji afike ubeti unaomhusu, ndipo uinuke ukamtunze mwimbaji pesa huku ukimtizama yule unayemlenga. Lakini kanga Mama alikuwa nazo mbili, zote zimechakaa hata maandishi hayasomeki. Na harusini hakuwa akienda, kwa sababu kila mtu angemuuliza mumewe yuaja lini.

Sasa, Mkanda wa Chumvi. Nchi nyeupe, tambarare, inayoumiza macho. Nyumba moja, wanawake wawili, mkubwa na mdogo, wanakusanya chumvi kwa mikono mpaka vidole vinapasuka. Mwanamume hayupo. Limo koti lake tu, limetundikwa msumarini, na kila asubuhi mmoja wao analikung'uta vumbi. Filamu nzima koti lile halivaliwi na mtu. Mimi nikamnong'oneza mtoto mwenzangu kwamba hawa watu wa filamu walikuja kwetu tukiwa tumelala, wakatuchora, maana hata koti la Baba lilikuwa nyuma ya mlango wetu.

Ikafika mahali yule mdogo anaingia jikoni. Anafunua chungu cha kwanza, kitupu. Cha pili, kitupu. Cha tatu. Anageuka, anamsogelea yule mkubwa mpaka pua zinakaribia kugusana, anasema neno moja fupi, polepole.

"Yuasema nini?" chumba kikauliza.

Mama hakujibu. Haijawahi kutokea. Kwa kawaida alifasiri kabla mdomo haujafunga. Nikamwona anaipa televisheni mgongo, mgongo wote, anamtizama Shangazi Mwanatumu aliyeketi kwenye kiti chake cha kamba na sahani ya mabuyu mapajani.

"Yuamwambia: Wifi, nduguyo umemficha wapi?"

Ndani ya kioo yule mkubwa akageuza uso, akajibu kitu. Mama hakukitizama kioo.

"Yuasema, mimi sijui. Na mdogo yuamwambia: Wajua. Kila siku wanitizama usoni wanambia yuaja Idi. Idi ngapi, wifi?"

"Kumbe na hawa wana Idi?" akauliza Mama Kadzo, na mtu akamfinya, nikamsikia akisema uwi.

Mimi nami nikaona huu ndio wakati wangu. Chini ya kioo kulikuwa na maandishi madogo meupe ya Kiingereza ambayo hakuna mwanamke mle ndani aliyeyasoma. Mimi nilikuwa nikiyakimbiza kila Alhamisi bila kuyafikia. Yalitoweka kabla sijamaliza neno moja. Siku ile nikalikamata moja, neno fupi tulilofundishwa wiki hiyo hiyo.

"Mama, mbona hapa pameandikwa chumvi? Hapakuandikwa ndugu."

Mama akafumba macho. Shangazi akaiweka sahani sakafuni, polepole, akamgeukia Bi. Zuhura.

Bi. Zuhura alikuwa bibi kizee wa nyumba ya tatu. Alizaliwa nyuma ya duka la Wahindi, akacheza na watoto wao, Kihindi alikinyonya pamoja na maziwa. Macho yalikuwa yameingia ukungu, hakuona kioo wala picha. Zanana alikuja kusikiliza. Alhamisi zote zile alikuwa amekaa pembeni na tambuu yake, akiyasikia ya ndani ya kioo na ya Mama, na hakuwahi kusema lolote.

"Bi. Zuhura," Shangazi akasema, "wewe ndiwe ukijuaye. Ndivyo alivyosema yule?"

Bi. Zuhura akaihamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda lile.

"Ndivyo."

"Na hiyo chumvi ya mtoto?"

"Chumvi ni fumbo, mwanangu. Kwa Wahindi mume ndiye chumvi ya nyumba. Ukitaja chumvi, umemtaja mume." Akatafuna tambuu. "Haya, mjibu."

"Nimjibu nani?"

"Mjibu mwenzio, Mwanatumu. Mtu akiuliza hujibiwa."

Shangazi akainuka. Akaingia chumbani kwake, tukasikia kabati likifunguliwa. Aliporudi alikuwa na barua, nyingi, zimefungwa kwa utepe wa maharusi, akaziweka mapajani mwa Mama. Wanawake wakaokota mabuibui yao. Hakuna aliyeaga. Viazi vilibaki kwenye sahani vikitoa mvuke, na ndani ya kioo wale wawili waliendelea kubeba chumvi peke yao mpaka Mama aliponyosha mkono akazima.

Mimi niliamini nimeiharibu zanana. Niliamini watu wameondoka kwa sababu mtoto amesoma kwa sauti wakati mama yake anafasiri, ukosefu wa adabu mkubwa kupita wote. Na nikabaki na jambo jengine: kwamba chumvi ni mume. Nilipotumwa dukani kwa Mhindi kununua chumvi nilinong'ona nikiinamisha kichwa, na muuzaji akadhani nina kigugumizi. Nilitumwa sukari, nikaenda mbio. Nilitumwa chumvi, nikasema tumbo laniuma. Hayo yaliendelea mpaka darasa la tano.

Barua zilikuwa za Baba. Alikuwa ameoa huko, zamani, na kila barua ilimwomba dada yake asimwambie mtu kwanza, mpaka yeye apate namna ya kusema. Miaka miwili akitafuta namna. Mama alikwenda kwa kadhi, akatoka na karatasi yake ya talaka, akanishika mkono, tukahamia kwa Bibi, mamake Mama, Mtopanga, akakaa eda. Nilidhani tunakwenda kutembea tu. Baba simsemi zaidi. Hii ni makala ya filamu, na yeye katika filamu ni koti.

Nilipofika kidato cha tatu, siku moja ya likizo, niliutia ule mkanda kwenye video nikayasoma maandishi yake yote, maana sasa macho yangu yalikuwa na mbio. Wale wawili hawakuwa mtu na wifi yake. Walikuwa mtu na mkwewe. Koti lilikuwa la marehemu. Na pale jikoni, baada ya vyungu vitatu, mdogo anauliza: Chumvi umeificha wapi? Hiyo tu. Mkubwa alikuwa akiificha chumvi bora kidogo kidogo, na kumwambia mwenziwe imekwisha.

Nikamwendea Mama uani. Alikuwa akichagua mchele.

"Kwa hivyo ulikuwa hujui wanasema nini?"

"Mengi sikujua. Nilikuwa nikizitizama nyuso."

"Na pale pa chumvi?"

Akacheka, akapeperusha makapi ya mchele. "Miaka miwili jikoni mwa watu, mwanangu. Asubuhi chumvi umeiweka wapi, jioni sukari umeificha wapi. Katika filamu zote zile, hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoielewa yote."

Hii ndiyo sababu nawaambia itafuteni. Kama kuna mtu ana mkanda wa wanawake wawili na nchi nyeupe na koti msumarini, asiutupe, asiutie harusi ya binamu yake juu. Filamu inayoweza kubadilishwa neno moja na bado ikasema kweli si filamu ya rafu ya chini.

Lakini nimeruka. Siku ile hatukuimaliza.

Eda ilipokwisha, alasiri moja, nilikuwa barazani kwa Bibi nikaona wanawake wawili wa mabuibui wakija njiani, mmoja amemshika mwenziwe mkono, na huyo mwengine amebeba kitu kifuani kilichofungwa kanga, kwa uangalifu, kama mtoto wa siku saba. Walikuwa Shangazi Mwanatumu na Bi. Zuhura, kutoka Likoni mpaka Mtopanga. Kile kitu kilikuwa video.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwite mamako."

Mama akatoka, akasimama mlangoni, hakusema karibu wala hakusema rudini. Ni Bibi aliyewaingiza. Shangazi akaiweka video mkekani, na juu yake ule mkanda.

"Dukani wamekataa kuupokea," akasema. "Wasema hakuna auazimaye. Na Timbwani hakuna mtu wa kutufasiria. Mama Kadzo alijaribu Alhamisi moja, akasema kila mtu yuaomba ugali."

Hakuna aliyecheka ila mimi.

Televisheni ilikuwa ya mjomba, ndogo, ya weusi na weupe. Wakaiunganisha. Mkanda ukaanza pale pale tulipouacha, na bila rangi ile nchi ya chumvi ilikuwa nyeupe zaidi. Shangazi alikaa katikati ya mkeka. Mama alibaki kwenye fremu ya mlango, mikono imefungwa. Wale wawili wakavuna, wakagombana, mvua ikanyesha ikaiyeyusha kazi ya msimu mzima. Hakuna aliyefasiri. Tulisikia Kihindi kitupu, na mvua.

Mwisho kabisa wamekaa kizingitini, wamelowa. Mkubwa anaanza kusema, hamtizami mwenziwe, anasema maneno mengi na mikono yake haijui iende wapi.

Bi. Zuhura akageuza uso wake wa ukungu upande wa mlango. "Yuasema nini?" akauliza, yeye aliyesikia kila neno.

Mama akaishika fremu ya mlango.

Akajibu Shangazi Mwanatumu. Kihindi hakuwahi kukijua hata cha kuulizia bei.

"Yuasema," akaanza, akakohoa. "Yuasema alikuwa akimsitiri ndugu yake. Akasahau kuwa huyu naye alikuja nyumbani kwake akawa ndugu. Yuasema kila Idi alikuwa akiona haya kuvaa nguo mpya mbele yake. Yuasema hana la kujitetea."

Ndani ya kioo yule mdogo akamgeukia mwenziwe. Kisha akafungua mdomo, akasema neno fupi mno. Wote tukageuka, hata Bibi, tukamtizama Mama.

Mama aliiachia ile fremu ya mlango.

"Yuasema," akasema, "sogea huko, nami nikae."

Shangazi akasogea.